UCHAMBUZI: Maana ya wimbo ‘The End of the World’ wake Skeeter Davis

WAPENZI wa muziki wa kantri nchini Kenya huutambua wimbo huu hata kabla ya mwimbaji kufungua kinywa. Piano hulia taratibu, kisha sauti nyororo ya mwanamke huanza kuuliza maswali yasiyokuwa na mtu wa kuyajibu. Tangu enzi za Sauti ya Kenya, shirika ambalo mnamo 1989 lilipata kuwa KBC, vipindi vya nyimbo za zamani vimewazoesha wasikilizaji wa humu nchini sauti za Jim Reeves, Don Williams, Dolly Parton na Kenny Rogers. Katika orodha hiyo, Skeeter Davis hakosi.

Wengi huuchukua ‘The End of the World’, yaani Mwisho wa Dunia, kuwa ni kilio cha msichana aliyeachwa na mpenziwe. Huutuma kwa salamu redioni baada ya uchumba kuvunjika, na maneno yake yanawaruhusu kufanya hivyo. Hata hivyo, aliyeyatunga maneno hayo, Bi Sylvia Dee, aliyachota katika majonzi ya kufiwa na babake mzazi. Hapo ndipo penye kiini cha wimbo huu: ni wimbo wa mahaba uliozaliwa matangani.

Makala haya yanaeleza chimbuko la wimbo huo, yale unayoyasema, jinsi muziki wake unavyoyabeba maneno, na baadhi ya tafsiri potofu ambazo zimeuandama kwa zaidi ya miaka 60.

Watunzi wake

Kinyume na dhana ya wengi, Skeeter Davis hakuutunga wimbo huu. Muziki ulitungwa na Arthur Kent, na mashairi yakaandikwa na Sylvia Dee.

Sylvia Dee alizaliwa mwaka wa 1914 katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, na kufariki mwaka wa 1967. Hakuwa mtunzi wa kantri kwa asili. Kalamu yake ilikuwa ya nyimbo za kawaida za redio za wakati wake. Ndiye aliyeshiriki kutunga ‘Too Young’, wimbo uliompaisha Nat King Cole mwaka wa 1951, na kabla ya hapo ‘Chickery Chick’, wimbo wa mzaha uliovuma mwaka wa 1945 ukipigwa na bendi ya Sammy Kaye.

Jambo hili lina uzito katika kuuelewa wimbo tunaoujadili. Mtunzi wa kantri wa miaka hiyo angetarajiwa kutaja baa, chupa ya pombe, barabara kuu, garimoshi au pete iliyorudishwa. Dee hakutaja hata kimoja. Alichukua vitu ambavyo kila binadamu anavyo: jua, bahari, ndege, nyota, moyo na macho. Ndiyo sababu wimbo huu haukuhitaji pasi ya kusafiria. Msikilizaji wa Kisumu, Kyoto au Kentucky hahitaji kueleweshwa desturi za Wamarekani weupe wa kusini ili machozi yamlengelenge.

Mwimbaji na msiba wake

Skeeter Davis alizaliwa Desemba 30, 1931, huko Dry Ridge, jimbo la Kentucky, na kupewa jina la Mary Frances Penick. ‘Skeeter’ ni lakabu aliyobandikwa na babu yake, nayo yatokana na neno la mitaani la kumtaja mbu, kwa kuwa alikuwa mtoto asiyetulia.

Jina ‘Davis’ nalo si la ukoo wake. Alilipata kwa rafiki yake wa shuleni, Betty Jack Davis, ambaye aliimba naye wakijiita The Davis Sisters ilhali hawakuwa na undugu wa damu. Mnamo 1953 walitia saini mkataba na kampuni ya RCA Victor na kurekodi ‘I Forgot More Than You’ll Ever Know’, wimbo uliokwea hadi nambari moja katika chati ya kantri ya Marekani na kukaa pale kwa wiki nane.

Betty Jack hakuishi kuyala matunda hayo. Usiku wa kuamkia Agosti 2, 1953, wakirejea nyumbani kutoka katika onyesho, gari lao lilihusika katika ajali karibu na Cincinnati. Betty Jack alifariki na Skeeter akajeruhiwa vibaya. Wimbo wao ulikuwa ungali ukipanda chati.

Skeeter aliendelea kwa muda na dada wa marehemu, Georgia, hadi kundi hilo lilipovunjika mwaka wa 1956. Baadaye alianza kuimba peke yake chini ya uelekezi wa Chet Atkins, mpiga gita mahiri aliyesimamia shughuli za RCA mjini Nashville. Katika rekodi zake za miaka hiyo kulitumika mbinu iliyopata kuwa alama yake: aliimba sauti ya kwanza, kisha akairekodi sauti ya pili juu yake, yeye mwenyewe akijisindikiza. Anayezisikiliza akiwa hana habari hudhani ni wanawake wawili.

Wimbo unasema nini?

Ukiyatazama maneno yake kwa makini, utaona kwamba karibu wimbo mzima ni maswali. Aliyeachwa hamwulizi aliyemwacha sababu za kuondoka. Hamlaumu, hamlaani, wala hamsihi arudi. Anayeulizwa ni ulimwengu: mbona unaendelea na shughuli zake kana kwamba hakuna kilichotokea?

Maswali hayo yamepangwa kwa utaratibu maalumu ambao msikilizaji asiye makini anaweza kuupuuza. Ubeti wa kwanza unaanzia mbali kabisa, kwenye jua na mawimbi ya bahari. Ubeti wa pili unashuka kwa ndege waimbao, kisha unapanda tena kwa nyota. Katika sehemu ya kati, mwimbaji yumo chumbani mwake asubuhi. Ameamka, ametazama huku na huku, na kila kitu ki pale pale kilipokuwa jana. Hatimaye, katika ubeti wa tatu, maswali yanaingia mwilini mwake mwenyewe: moyo mbona bado unapiga, na macho mbona yanalia?

Safari hiyo ya kutoka nje kuja ndani ndiyo mhimili wa wimbo. Mwanzoni msikilizaji hudhani mlalamikaji anateta na jua. Mwishoni hugundua kuwa anateta na uhai wake. Mwili wake nao umekuwa sehemu ya ulimwengu ule usiojali, maana unaendelea na kazi zake bila ya kuomba ruhusa. Kinachomshangaza zaidi si kwamba mwenzake ameondoka, bali kwamba yeye angali hai.

Kwa hiyo ‘mwisho wa dunia’ unaotajwa katika wimbo huu si kiyama. Hakuna parapanda, moto wala hukumu. Anachodai mwimbaji ni kwamba mwisho huo umekwisha kutokea, tena kimyakimya, na hakuna mwingine aliyeuona. Dunia imekwisha kwa mtu mmoja, na kwa wengine wote ni siku ya kawaida ya kazi.

Kuachwa na kufiwa

Je, wimbo huu ni wa aliyeachwa au wa aliyefiwa? Jibu la haki ni kwamba maneno yenyewe yanazungumzia penzi lililokwisha na kwaheri iliyotamkwa. Hakuna jeneza wala kaburi. Anayeusikiliza kama wimbo wa mapenzi hajakosea.

Hata hivyo, ukishajua kwamba ulichotwa katika huzuni ya binti aliyempoteza baba, mambo kadhaa yaliyokuwa kitendawili yanafumbuka. La kwanza ni kutokuwepo kwa lawama. Nyimbo nyingi mashuhuri za kantri kuhusu kuvunjika moyo huwa na mshtakiwa. ‘Your Cheatin’ Heart’ wake Hank Williams, uliotolewa mwaka wa 1953 baada ya mwimbaji huyo kufariki, ni onyo kwa mwenza msaliti. Katika wimbo wa Skeeter Davis, aliyeondoka hana kosa. Mtu humlaumu mpenzi aliyemwacha, lakini ni nadra kumlaumu marehemu kwa kufa.

La pili ni kutokuwepo kwa mpinzani. Hakuna mwanamke mwingine aliyemchukua mpenzi huyo, na wivu haupo kabisa.

La tatu, na lililo zito zaidi, ni mshangao wa asubuhi. Mtu yeyote aliyepata kufiwa anaijua nukta ile ya kuamka, akakaa sekunde chache kabla ya kukumbuka, halafu akaona jua dirishani na kulisikia gari la maziwa likipita barabarani kama jana. Kuna uchungu wa pekee katika kuona kwamba dunia haikusimama hata kwa dakika moja kwa heshima ya mtu wako.

Kiswahili chetu kinatusaidia kuuona ukaribu wa mambo haya mawili. Mtu ‘huachwa’ na mtu ‘hufiwa’. Katika vitenzi vyote viwili, anayetajwa kama kiima si aliyetenda jambo, bali ni yule lililomwangukia. Hafanyi lolote, anatendewa. Kwa upande wa sarufi, mjane na mchumba aliyetupwa wameketi katika jamvi moja. Sylvia Dee, bila ya kukijua Kiswahili, aliwaketisha wote wawili katika wimbo mmoja.

Katika ushairi wa pwani yetu kuna kazi inayofaa kuwekwa kando ya wimbo huu, angalau kwa kuutofautisha. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anausemesha moyo wake mwenyewe, akiuonyesha fahari ya Pate iliyogeuka magofu. Huko, dunia imeanguka na moyo ndio unaokataa kuzinduka. Katika wimbo wa Skeeter Davis mambo yamepinduka: moyo ndio ulioanguka, na dunia ndiyo inayokataa kuzinduka. Lakini wote wawili wanakutana katika swali moja la kale, la iwapo viumbe na vitu vinajua lolote kuhusu msiba wa binadamu.

Muziki unavyobeba maana

Wimbo ulirekodiwa mjini Nashville mwaka wa 1962 chini ya Chet Atkins, huku Floyd Cramer akiwa kwenye piano. Hao walikuwa miongoni mwa wajenzi wakuu wa mtindo uliopewa jina la Sauti ya Nashville. Mtindo huo uliiweka kando fidla ya kijijini, pamoja na gita lile linalolizwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi, na badala yake ukaleta vyombo laini vya nyuzi, waitikiaji na piano. Shabaha ilikuwa kuwafikia wasikilizaji wa mijini ambao hawakuwa na mazoea ya kantri.

Ulaini huo unaoana vyema na wimbo huu. Muziki wake ni mtulivu, hauna kishindo, na mapigo yake yanakwenda kwa utatu kama bembea. Kwa maneno mengine, muziki wenyewe unafanya kile kile ambacho mwimbaji analalamikia: unaendelea mbele kwa upole na bila ya kujali, mfano wa mawimbi.

Kisha huja mabadiliko mawili kwa mpigo. Baada ya ubeti wa tatu, muziki wote unapanda kwa nusu toni, na ubeti ule ule unarudiwa. Lakini safari hii Skeeter haimbi nusu yake ya kwanza, bali anaisema kwa sauti ya mazungumzo. Baada ya hapo ndipo anaurejelea uimbaji na kumalizia.

Kuzungumza katikati ya wimbo ni desturi ya zamani katika kantri, na mara nyingine hugeuka kuwa maigizo. Hapa ina kazi. Mtu anayelia hufikia mahali ambapo sauti ya kuimba hukatika. Muziki umepanda juu na yeye ameshuka chini. Pengo hilo kati ya vyombo vinavyopaa na binadamu anayenong’ona linaeleza kuliko kiitikio chochote.

Kuhusu ile sauti ya pili ambayo mwimbaji alijirekodia mwenyewe, ilikuwa ni mbinu ya studio ambayo alikuwa akiitumia katika rekodi nyingine pia, kwa hiyo isichukuliwe kuwa ni fumbo lililokusudiwa. Lakini msikilizaji anayejua kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa na mwenzake wa kumwitikia, na kwamba mwenzake huyo alifia barabarani, hatakosa kuisikia kwa namna nyingine.

Mapokezi

Santuri ilitoka mwishoni mwa 1962 na kuvuma mwaka wa 1963. Ilifika nambari mbili katika chati kuu ya Billboard nchini Marekani, na nambari mbili pia katika ile ya kantri. Katika chati ya nyimbo nyororo ilishika nambari moja, na katika chati ya muziki wa Wamarekani weusi ikafika nambari nne. Nchini Uingereza ilifika nambari 18.

Nambari hiyo ya nne ndiyo ya kutazamwa zaidi. Mwaka wa 1963 Marekani ilikuwa bado katika makali ya ubaguzi wa rangi, na maduka ya muziki pamoja na vituo vya redio viliwagawa wasikilizaji kwa misingi hiyo. Kwa wimbo wa mwanamke mweupe wa Kentucky kupenya chati zote nne na kuingia kumi bora katika kila moja lilikuwa jambo la nadra mno.

Tangu wakati huo umeimbwa upya na wengi. Brenda Lee na Julie London walikuwa miongoni mwa wa mwanzo, na ndugu wawili wa The Carpenters waliuweka katika albamu yao ya ‘Now & Then’ ya mwaka wa 1973. Mwandishi wa Kijapani, Haruki Murakami, aliyanukuu maneno yake mwanzoni mwa riwaya yake ya 1985 ambayo jina lake pia linautaja mwisho wa dunia. Mwaka wa 1999 ulisikika katika filamu ya ‘Girl, Interrupted’, na mwaka wa 2015 vijana wengi waliukuta katika mchezo wa kompyuta wa ‘Fallout 4’, ambamo dunia imeteketezwa kweli kwa silaha za nyuklia.

Matumizi hayo ya mwisho yana kejeli ndani yake. Wimbo ulioandikwa kusikitika kwamba dunia haikwishi sasa unapigwa juu ya majivu ya dunia iliyokwisha.

Tafsiri potofu

Zipo dhana nne ambazo hurudiwa mara kwa mara na zinafaa kusahihishwa.

Kwanza, kwamba ni wimbo wa dini. Kichwa chake ndicho chanzo cha kosa hili. Kama ilivyoelezwa, hakuna fundisho lolote la siku za mwisho ndani yake.

Pili, kwamba Skeeter Davis aliuimba kwa sababu ya talaka yake. Ni kweli kwamba ndoa yake na mtangazaji Ralph Emery ilivunjika, lakini hiyo ilikuwa mwaka wa 1964, miaka miwili baada ya wimbo kurekodiwa.

Tatu, kwamba uliandikwa kumwomboleza Betty Jack. Kwa kuwa maneno ni ya Sylvia Dee, aliyekuwa na msiba wake mwenyewe, dhana hii haina mashiko. Kilichopo ni kwamba mwimbaji aliyeonja kifo cha ghafla alikabidhiwa maneno ya mtunzi aliyeonja kifo cha mzazi.

Nne, kwamba ni wimbo wa kukata tamaa unaomhimiza mtu kujidhuru. Maneno hayana wito wa aina hiyo. Mwimbaji anashangaa kwamba moyo unapiga, lakini hauambii uache. Maombolezo ya namna hii huenda yakawa ndiyo njia ya mtu kupita katika giza, mradi ana wa kumsikiliza. Asiye na wa kumsikiliza, na anayeona kwamba swali hilo la moyo limegeuka kuwa la kweli, anahitaji kukaa na mtu wake wa karibu au mshauri nasaha wala si kukaa na redio peke yake.

Wimbo uliorudi msibani

Chet Atkins alifariki Juni 30, 2001. Katika ibada ya mazishi yake mjini Nashville, wimbo aliokuwa ameutayarisha karibu miaka 40 kabla ulipigwa kwa ala tupu, bila ya maneno. Miaka mitatu baadaye, Septemba 19, 2004, Skeeter Davis naye aliaga dunia baada ya kuugua saratani ya matiti, akiwa na umri wa miaka 72. Ibada yake ilifanyika katika ukumbi wa Ryman, na wimbo ukapigwa tena.

Waombolezaji hawakuona ajabu kwamba wimbo unaohesabiwa kuwa wa mapenzi unapigwa mbele ya jeneza. Hawakulazimika kubadilisha hata neno moja ili ufae. Ulikuwa umerejea ulikotoka.

Kwetu Kenya, ambako jamaa na majirani hujaa matangani na kisha kutawanyika baada ya maziko, kila mmoja akarudi shambani, ofisini au sokoni, maana hiyo haihitaji mkalimani. Viti vya kukodi vinapakiwa, turubai linashushwa, na aliyefiwa anabaki mlangoni akiyatazama magari yakiondoka. Kesho yake jua litachomoza kama kawaida. Ni katika saa hiyo, waombolezaji wakiwa wamekwisha kwenda zao, ndipo swali la Sylvia Dee huulizwa, na ndipo mgeni mmoja anayerudi kubisha hodi huwa na thamani kuliko wale mia waliokuja siku ya mazishi.